Maneno Niliyomtungia Bwana Kofia

Wiki iliyopita nilitoka saluni Tandika na nywele nusu. Upande wa kulia umesukwa, wa kushoto umesimama kama wa mtu aliyeshtuliwa usingizini. Msusi alinifuata hadi mlangoni na kitana mkononi, akiniuliza kama amenivuta sana. Hakunivuta. Kosa lilikuwa la televisheni iliyotundikwa juu ya kioo, ambamo bwana mmoja wa enzi za kale, na joho lake la hariri, alikuwa amesimama uani kwa wakwe zake akimtaka mkewe arudi nyumbani. Siku hizi mabwana hawa wanaingiziwa sauti, wanaongea Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Saluni nzima ilikuwa upande wake. "Rudi mwanamke, unaringia nini?" alisema mmoja aliyekuwa anasubiri zamu. Mwingine akadakia, "Mwanaume kaja mwenyewe kwa miguu yake, anataka aje na matarumbeta?" Miguu ikaanza kuniwasha. Nikajifunga mtandio, nikatoka.

Mimi si mtu wa kutulia, waulize walionilea. Lakini kuna kutotulia kwa aina moja ambako najua kulikoanzia, na kulianzia kwenye mkeka wa mama yangu, Gongo la Mboto, mbele ya televisheni yenye mgongo mkubwa. Mama hayupo tena, na huenda ndiyo maana siku hizi kitu kidogo tu kinanirudisha kwenye mkeka ule.

Wa rika langu mnazikumbuka CD za kukodi, zile unazopewa ndani ya mfuko wa nailoni na kuonywa usizikwaruze. Mtaa wetu ulikuwa umeshikwa na tamthilia moja ya kutoka mashariki ya mbali, ya wafalme, farasi na majumba yenye mapaa yaliyopinda. Kila siku, baada ya swala ya alasiri na kabla ya kuwasha majiko, Mama alisukuma cherehani yake ukutani, akatandika mkeka, na majirani wakaingia mmoja mmoja wakivua ndala mlangoni. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, kwa hiyo sebule ilikuwa yetu wanawake. Majina ya wahusika yaliwashinda, wakawapa ya kwao. Bwana mkubwa, aliyevaa kofia nyeusi yenye ukingo mpana hata akiwa chumbani kwake, wakamwita Bwana Kofia. Mkewe, mwembamba wa kulialia, akawa Mwanaisha. Mama mkwe mwenye roho mbaya hakupewa jina. Walimwita "huyo", na kila mtu alijua ni nani.

Tatizo lilikuwa lugha. Wale kwenye picha walisema ya kwao, na chini yao maandishi ya Kiingereza yalikuwa yanapita mbio. Mama aliishia darasa la saba, Mama Shabani muuza chapati hivyo hivyo, na Bi Mwajuma, mkubwa kuliko wote pale, alisoma madrasa tu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa napanda basi la njano la shule inayofundisha kwa Kiingereza. Basi kazi nikapewa mimi. Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, mgongo umenyooka, nikasoma na kutafsiri kwa sauti. Hebu fikiria mtoto ambaye kutwa nzima anaambiwa funga mdomo, halafu anapewa mkeka mzima wa watu wazima wanaosubiri aufungue. Nilivimba kichwa. Mama alijifanya haoni, lakini nilimsikia akimwambia muuza mkaa, "Huyu wangu Kiingereza anakinywa kama uji."

Hakuna aliyekuwa anaangalia kimya kimya. Siku Bwana Kofia alipompiga Mwanaisha kibao mbele ya watumishi, Mama Shabani alisimama kabisa. "Muache huyo! Mwanamke una mikono miwili, utashindwa kukanda unga, uuze, upate kula?"

"Na yeye mdomo umemzidi," Bi Mwajuma akamkata. "Mume anaongea, yeye anaongea. Nani amsikilize mwenzie?"

"Kwa hiyo apigwe?"

"Sijasema apigwe. Nimesema anyamaze."

Wakabishana hadi ikabidi nirudishe picha nyuma, maana kipande kizima kilikuwa kimepita bila mtu kukiona. Niliamini kwamba ule ni ubishi wa televisheni na kwamba unaisha ukizima televisheni. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba kila mmoja pale alikuwa anaisemea ndoa yake, na kwamba tangu mama mdogo alipofika, walikuwa wanaisemea ya kwake.

Mama mdogo Saida, mdogo wake Mama wa tumbo moja, aliingia asubuhi moja na begi, mkono wa kushoto umefungwa plasta ngumu hadi juu ya kiwiko. "Ameteleza bafuni," Mama aliniambia, na mimi nikaamini neno kwa neno. Mumewe, baba mdogo Rajabu, alikuwa mpakiaji wa saruji kule Wazo. Akili yangu ikagoma hapo. Mtu anashika saruji kutwa nzima, anashindwaje kuitengeneza sakafu ya bafu lake isiteleze? Nikamwona mvivu. Hilo ndilo kosa pekee nililompa, na kwa kuwa alikuwa ananiletea biskuti na kunipakia kwenye pikipiki yake, nikamsamehe siku hiyo hiyo.

Kwetu mke aliyerudi kwao harudi kwa mumewe hivi hivi. Mume humfuata, akiongozana na mshenga yule yule aliyemposea, na humwomba mbele ya watu wake. Baba mdogo alipokuja mara ya kwanza na mshenga wake, Mzee Pazi, niliwaamkia wote shikamoo, nikapokea biskuti zangu, kisha nikauliza lililokuwa linaniumiza kichwa.

"Baba mdogo, bafu mmeshalitengeneza?"

Mzee Pazi akakohoa akaangalia kofia yake. Baba mdogo akacheka kidogo, akanishika kichwani. "Nimeshalitengeneza, mwanangu."

Mama akasema mgonjwa hajapona. Waje tena Jumapili ya wiki inayofuata, na siku hiyo Saida mwenyewe, kwa mdomo wake, atasema anarudi Wazo au harudi. Walipoondoka nilijiona nimeisaidia familia. Bafu limetengenezwa, kimebaki nini?

Maana, niseme ukweli, nilitaka aondoke. Nilimpenda sana mama mdogo. Alikuwa ananisuka hata kwa mkono mmoja, ncha za nywele amezibana kwa meno, na alikuwa ananisikiliza habari zangu za shule hadi mwisho, jambo ambalo Mama hakuwa na muda nalo. Lakini alikuwa analala kitandani kwangu, na ile plasta ilikuwa inanigonga mbavu. Na nyumba ilikuwa imebadilika. Mama alikuwa anashona huku anasonya. Watu walikuwa wanakatisha maneno nikiingia, wanaanza kuzungumzia bei ya mchicha. Mwili wangu haukuiweza hali ile. Nilikuwa nazunguka ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia, nakaa, nasimama, nafungua jokofu bila njaa. Niliona dawa ni moja, aende kwake, sisi turudi kama zamani.

Mchana wa tamthilia mama mdogo alikuwa anakaa mlangoni, mgongo kwenye fremu, anaangalia bila kusema lolote. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, na ni cherehani ya Mama iliyomsomesha, lakini hilo halikunishtua. Kwa akili zangu, Kiingereza kilikuwa kinapatikana kwenye basi la njano tu. Siku moja Mama Shabani alimwambia, "Saida, wewe msomi, hebu mpokee mtoto kidogo apumzike." Yeye akatikisa kichwa. "Mwacheni asome, ndiyo anajifunza." Nikamshukuru moyoni kwa kuniachia kigoda changu.

Jumamosi, siku moja kabla Mzee Pazi hajarudi, tukafika sehemu ambayo Mwanaisha amekimbilia kwa wazazi wake na Bwana Kofia anamfuata. Mkeka ulijaa, wengine walikaa kwenye ndoo walizozipindua. Kulikuwa na ubishi kabla hata picha haijaanza. Mama Shabani aliapa kwamba Mwanaisha akirudi, yeye haangalii tena. Bi Mwajuma alisema inategemea mume amekuja na mdomo gani. "Akija na mdomo mzuri, arudi. Akija na jeuri, baba yake amfungie geti." Nilimwona Mama akiitikia kwa kichwa.

Bwana Kofia akasimama uani. Akaivua kofia yake, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuangalia, na kichwa chake kikaonekana ni kidogo. Akaongea kwa sauti ya chini, taratibu, karibu na upole. Maandishi yakapita. Niliyasoma vizuri na ninayakumbuka hadi leo: nimekuja kuchukua kilicho changu, sijutii nilichokufanya, na ukinilazimisha nitakufanya tena.

Nikanyamaza.

"Anasemaje?" Mama Shabani akauliza.

Sikuwa mtoto wa kufikiri mbali. Nilichokiona ni kwamba nikiyasema yale maneno ubishi utawaka, Mama atasonya, na kesho asubuhi plasta itakuwa bado kitandani kwangu.

"Rukia, anasemaje? Unatuua!"

"Anasema," nikaanza, "nisamehe mke wangu. Nimekukosea. Sitarudia tena mpaka naingia kaburini."

Hilo la kaburi sijui nililitoa wapi. Nilitia chumvi, nikaona imekolea. Na picha ikanisaidia, maana Mwanaisha aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka, akashuka ngazi na kumfuata mumewe hatua tatu nyuma yake hadi nje ya geti. Kwa maneno ya Bwana Kofia mwenyewe ilikuwa ni mtu anayepelekwa asikotaka. Kwa maneno yangu ilikuwa ni ndoa iliyopona. Vigelegele vilipigwa. Bi Mwajuma akasema mashaallah mara mbili. Mama Shabani, yeye aliyeapa, alijifuta pua kwa ncha ya kanga. "Mwanaume akishuka vile, jamani, mie hata kesho narudi." Na Mama alikuwa analia, waziwazi, kitu nilichokuwa sijakiona tangu msiba wa babu.

Nilipogeuka kumtafuta mama mdogo, hakuwa anaangalia televisheni. Alikuwa ananiangalia mimi. Kisha akamwangalia Mama, kwa muda mrefu, kisha akatazama chini kwenye vidole vilivyochomoza kwenye plasta. Nikadhani ameguswa kama wenzake.

Jumapili Mzee Pazi alisema maneno yake marefu, baba mdogo akasema ya kwake mafupi, na Mama akamgeukia mdogo wake. "Saida, hapa ni kwako. Sema lililo moyoni."

"Narudi, dada. Nimekaa vya kutosha."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mama alimwangalia kama anataka kuuliza tena, akaacha. Begi lilikuwa limeshafungwa tangu asubuhi. Mama mdogo alinibusu kwenye paji la uso, akapanda gari lililokuja na Mzee Pazi, na siku hiyo nilijitandaza kitandani, miguu huku, mikono kule, nikalala vizuri sana. Hili nalisema kwa aibu, lakini nalisema. Nililala vizuri sana.

Mateso yangu yalianza Jumatatu. Bwana Kofia hakuwa amesikia nilichomtungia. Aliendelea na tabia yake, na mimi sasa nilikuwa na kazi ya kumsafisha kila alasiri. Akifoka, nilisema ana homa. Akimtupia mkewe sahani, nilisema imemponyoka. Siku alipomfungia Mwanaisha ghalani, nikakosa la kusema, nikajikuna shingo.

"Si alisema hatarudia?" Mama Shabani aliuliza.

"Amesahau," nikajibu.

Mkeka mzima ukaangua kicheko, isipokuwa mimi. Kesho yake nikasema tumbo linauma. Keshokutwa vilevile. Mwishowe wakaachana na tamthilia ile wakakodi nyingine, na mimi tangu hapo sijaweza kukaa mbele ya picha ya mke na mume wanaogombana. Lazima nisimame, nikaoshe kikombe, nikaangalie kama mlango umefungwa.

Mama mdogo alikaa Wazo miaka miwili mingine. Alipotoka safari ya pili, sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii, na hakuna aliyejisumbua kuniambia habari za bafu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikaelewa vyote kwa mkupuo mmoja. Lakini hakuja kwetu. Alikwenda kupanga chumba Kitunda, peke yake, wala si mbali na sisi, akaanza kuuza vitumbua. Hakulala nyumbani kwa dada yake tena hata siku moja. Mama hakulielewa hilo kamwe. Alikuwa anasimamisha cherehani katikati ya mshono, anaangalia ukuta. "Sijui nimemkosea nini Saida," anasema, kisha anaendelea kushona. Mimi nilikuwa nadhani ninajua. Nilidhani anatuchukia kwa kumrudisha, na kwamba kama ataujua uongo wangu atanichukia mimi zaidi ya wote. Kwa hiyo nilifunga mdomo. Mama alifariki mwaka juzi nami nilikuwa bado nimeufunga.

Kutoka saluni nilipanda bodaboda moja kwa moja hadi Kitunda. Mama mdogo alikuwa nje, anachambua mchele wa vitumbua vya kesho. Alicheka alipoziona nywele zangu. "Msusi kafa katikati ya kazi?" Nilikaa upande wake wa kulia, upande anaosikia, nikamwamkia, na kabla hajanipa maji nikaanza kusema. Nilisema yote, mkeka, kigoda, Bwana Kofia, maandishi yaliyopita na maneno niliyoyatunga, kitanda, plasta, mbavu zangu. Nilikuwa nalia na kusema pamoja, najikanyaga. Nilimwambia kwamba sikio lile nimelivunja mimi.

Alisubiri nimalize.

"Sikio kalivunja Rajabu," alisema. "Usijipe kazi za watu. Na hilo la maandishi, nilijua."

"Ulijua?"

"Rukia, mie nilifika kidato cha nne. Nilikuwa nimeshayasoma wewe hata mdomo hujafungua. Kila siku nilikuwa nakusoma na wewe, ukikosea nacheka moyoni. Ile siku hukukosea."

Miaka yote ile nilikuwa nakimbia kitu ambacho mwenyewe alikuwa anacho mkononi. "Sasa mbona hukusema? Ungesema tu, mama mdogo. Ungeniumbua mbele yao wote."

Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Nimuumbue nani? Niliona dada kakutuma."

Sikuelewa. Akanifafanulia taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Mama yako ulimjua. Hasemi kitu mwenyewe, anaona haya. Mgeni akikaa sana kwake, anamtuma mtoto akaulize mabasi ya Morogoro yanaondoka saa ngapi. Jirani akimuudhi, anavaa kanga yenye maneno anapita mbele yake. Ndiyo malezi yetu, hata mie niko hivyo. Basi nikasikia mtoto anabadilisha maneno ya mume anayemfuata mkewe, siku moja kabla wangu hajaja. Nikageuka, dada analia. Nikasema, ahaa. Kanichoka, kashindwa kuniambia, kampa mtoto maneno. Kaona aibu hadi analia. Ningefanyaje? Ukishaambiwa, unafunga begi."

"Hakunituma," nilisema.

"Mtoto wa miaka kumi hawezi kutunga vile, hilo la kaburini."

"Nilitunga mwenyewe. Mama hakujua hata neno moja. Alikuwa analia kwa sababu aliamini. Nilitaka kitanda, mama mdogo. Kitanda tu."

Aliacha kuchambua. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na hasira ningeiweza. Ndiyo niliyokuwa nimeifuata. Alinisogezea kichwa, sikio zima limenielekea, kama mtu anayeogopa kwamba limemdanganya.

"Dada hakukutuma?"

"Wallahi hakunituma."

Mikono yake ilikuwa imelala ndani ya mchele. "Kila Idi alikuwa ananiletea pilau mwenyewe," alisema. "Kutoka Gongo la Mboto, na magoti yake yale mabovu. Mie nampokelea sinia pale mlangoni. Anasimama pale, anachungulia, anataka kuingia." Alinyanyua kidevu kuonyesha mlango. "Namwambia, asante dada, leo nina wageni."

Nilimshika mkono. Hakuutoa, wala hakunishika.

"Hakukuwa na mtu ndani," alisema. "Hata Idi moja."